Mwajuma Amekwenda Wapi?

Leo tulitupie jicho jina la Mwajuma.

Katika pwani ya Tanzania, mtoto wa kike akizaliwa Ijumaa, jina lake lilikuwa tayari: Mwajuma. Wa Sikukuu ya Idi aliitwa Mwanaidi, na wa usiku Chausiku. Siku hizi majina hayo tunayasikia zaidi kwa mabibi. Wajukuu ni kina Nasra, Ilham na Samira.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Kwanza, jina hushuka pale tunapolishusha hadhi. Mitaani tumezua kichekesho, “Mwajuma Ndala Ndefu”. Mzazi gani anataka bintiye achekwe mwalimu akiita majina darasani? Pili, jina likiachwa, bibi hukosa somo, na ule utani wa bibi na mjukuu hukosa mwenyewe.

Wapo wasemao kila zama na majina yake, mzazi aachiwe achague. Wengine wanajibu: tukiyaonea haya majina ya mabibi, tunawaonea haya wao.

Je, msikilizaji, jina la mtoto ni uamuzi wa wazazi peke yao, au ukoo nao una kauli?