Humwamini? Basi Njoo Umkague

(Maneno niliyozungumza na vijana wenzangu Kwa Sadala, wilaya ya Hai, Oktoba 2024)

 

Nimekuja na jambo moja tu, na lina tarehe. Oktoba 20 uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa unafungwa. Novemba 27 tunapiga kura.

Najua jibu lenu, maana nalisikia kijiweni kila nikirudi likizo: "Dada, kura ya nini? Si wanamjua mshindi tayari?"

Sitawaambia kwamba mashaka yenu hayana msingi. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikajitoa, CCM ikatangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 99. Na juzi tu, Septemba, tumempoteza mzee wetu Ali Kibao, aliyeshushwa kwenye basi na baadaye kukutwa ameuawa. Kijana anayeogopa baada ya hayo si mwoga. Ana akili timamu.

Ila tutenganishe mambo mawili. Kutoiamini ofisi ni jambo moja, kuwaachia ofisi ni jambo lingine. Angalieni hesabu. Mwaka 2015 walijiandikisha watu milioni 23 na ushee, wakapiga kura milioni 15 na nusu hivi. Mwaka 2020 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 29, lakini waliopiga kura ni kama milioni 15. Yaani daftari limenenepa, foleni imepungua. Sasa niambieni, kuna mtu alisusa nyumbani kwake halafu mtawala akakosa usingizi?

Halafu tuseme ukweli, huyu mwenyekiti wa kijiji tunayemdharau anatugusa kuliko mbunge. Ukiomba mkopo wa chuo, fomu inapita serikali ya kijiji. Ndugu yako akiwekwa ndani, mdhamini anaulizwa barua ya utambulisho. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na hairuhusiwi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji.

Na mkutano mkuu ni nani? Ni wewe. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Sheria inautambua kuwa ndio mamlaka ya juu ya kijiji. Mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe pale kila miezi mitatu. Mara ngapi tumekwenda kuyasikiliza? Tunawaachia wazee, halafu jioni tunalalamika kwenye simu.

Wazee wetu huku mlimani waliishi kwa mifereji. Hakuna aliyemwamini jirani kwa maneno matupu kwamba hataiba maji usiku. Kulikuwa na zamu, kulikuwa na siku ya kuzibua, na asiyefika alijibu mbele ya wenzake. Imani ilikuja baadaye, kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia. Ofisi ya kijiji nayo iko hivyo hivyo.

Basi, tufanye haya.

Kwanza, jiandikishe. Wengi wanadhani kadi ya mpiga kura inatosha. Haitoshi! Daftari la kudumu ni la uchaguzi mkuu. Hili ni la kwenye kitongoji chako, na huhitaji kadi ili uandikwe.

Pili, orodha ikibandikwa, nenda kaisome. Ukiona jina la marehemu au la mtu asiyeishi hapa, weka pingamizi kwa maandishi, ubaki na nakala.

Tatu, mgombea wetu akienguliwa, tusiishie kupiga kelele. Tudai sababu kwa maandishi, tukate rufaa ndani ya muda. Wanaweza kuitupa, ndiyo. Lakini karatasi haisahau, na wakili hawezi kusimama mahakamani na hasira yako peke yake.

Nne, yeyote atakayetangazwa, wa kwetu au wa kwao, tumfuate kwenye mkutano mkuu tumuulize hela za kijiji zimekwenda wapi. Wa kwetu ndiye tumuulize zaidi.

Siwaahidi kwamba tutatendewa haki. Nawaomba tu tusiwarahisishie kazi. Kituo cha kujiandikisha bado kiko wazi, twendeni wawili wawili, na kila mmoja ampitie yule rafiki aliyesema haji.