Chuo cha Mkono na Wasomaji Wake

Bismillahi Rahmani Rahim. Ama baad.

Zamani, kabla ya mashine za chapa kuenea pwani, chuo, yaani kitabu, kilikuwa kazi ya mkono. Mwandishi alichonga kalamu ya tete, akakoroga wino, akapanga mistari, ndipo akaandika. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, misahafu iliandikwa kwa namna hiyo, ikapambwa kwa rangi nyeusi, nyekundu na manjano: maua, mizingo na mafundo, pasipo sura ya mtu wala ya mnyama.

Ustadi huo uliingia katika tungo pia. Mtu mashuhuri katika jambo hili ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga mbao. Mkono uliotia nakshi mlangoni ndio uliopamba kurasa za tenzi. Mwaka 1913 aliandika Utendi wa Liyongo, na tungo nyingi za wazee zikanusurika kwa kalamu yake.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja. Cha nne hubeba kina kiendacho hadi mwisho wa utenzi. Waandishi waliweka alama ya pambo kati ya kipande na kipande, jicho likatua pale pale pumzi ilipotua. Basi pambo halikuwa anasa, lilimwongoza msomaji.

Lakini liko jambo la kuhuzunisha. Nakala nyingi za Kijuma leo zimo London na Ujerumani, kwa kuwa wageni kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann ndio waliozitaka na kuzitunza. Si haki kumlaumu aliyetunza. Yafaa aulizwe aliyeacha.

Tena, irabu za Kiarabu ni tatu, na za Kiswahili ni tano. Kwa hiyo hati ya zamani ni vigumu kusomwa sawasawa ila na mtu aliyekwisha kuusikia utenzi wenyewe. Mzee akifa, wino husalia na sauti imekwenda.

Yapasa basi kila nyumba ifungue kasha lake. Kikionekana chuo cha mkono, kiwe cha maulidi, kasida au utenzi, kihifadhiwe mbali na mchwa na unyevu, wala kisiuzwe. Kisha kijana aketi mbele ya mzee, mmoja asome, mwingine aandike. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka jioni chache tu, nazo jioni za wazee zina hesabu.

Wabillahi taufiki.