Mazoezi ni Dawa, na Dawa Ina Kipimo

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Hurlingham, Nairobi. Tumeyapunguza kidogo ili yatoshe ukurasa.)



Leo asubuhi baadhi yenu mlishuka matatu mjini, mkapanda Valley Road kwa miguu mpaka hapa Hurlingham ili nauli ibaki mfukoni. Niliwaona mkiingia. Wengine mlikuwa mkipiga gumzo. Wengine mlinyamaza, mkono kiunoni, mkitafuta ukuta wa kuegemea. Mlima ni ule ule mmoja, lakini uzito wake haukuwa sawa kwa kila mtu. Hilo ndilo somo langu.

Mjomba wangu aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa moyo. Siku ya kuruhusiwa aliambiwa, "Mzee, ukafanye mazoezi." Basi, yakaishia hapo. Vidonge vyake viliandikwa vizuri: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mazoezi hayakuandikwa popote. Alipofika nyumbani akashika jembe, akalima tangu saa moja hadi saa sita. Jioni kifua kikambana, tukamrudisha hospitali usiku kwa pikapu ya jirani. Aliporudi mara ya pili aliogopa kabisa. Akakaa kitini miezi saba, miguu ikakonda, hata kwenda chooni akawa anahema. Mara ya kwanza alizidisha dawa. Mara ya pili aliiacha. Yote mawili yalitokana na kukosa kipimo.

Kwamba mwendo ni kinga, hilo si jambo jipya. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva alikaa siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa. Ikaonekana makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Hebu fikirieni dereva wa matatu na makanga wake.

KUPIMA KWANZA

Kabla ya kuanza, mgonjwa aonwe na afisa wa kliniki au daktari. Asianze, wala asipimwe mwendo, ikiwa kifua kinamuuma hata akiwa amekaa, au amepata mshtuko wa moyo ndani ya mwezi mmoja uliopita. Presha ikiwa imepita 180 juu au 100 chini, au moyo unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika naye ametulia, atibiwe kwanza.

Hospitalini kuna mashine za kupima pumzi na moyo mtu akiwa anatembea. Lakini kipo kipimo kingine kinachotumika duniani kote ambacho hata zahanati yenu inaweza: kutembea kwa dakika sita. Pima mita 30 za ardhi tambarare, weka jiwe kila mwisho. Uwe na saa, kiti, na mhudumu wa afya karibu. Mgonjwa atembee kwenda na kurudi, kwa mwendo wake, awezavyo bila kukimbia. Akichoka asimame, apumzike, aendelee, saa haisimamishwi. Mwishoni hesabu mita alizotembea, uandike. Hiyo ndiyo alama yake ya kuanzia. Asishindanishwe na jirani.

KUANDIKA KIPIMO

Cheti cha mazoezi kijibu maswali manne.

Aina gani? Kutembea kwafaa wengi. Mtaniambia, "Sisi tunalima na kuchota maji, mazoezi ya nini tena?" Ni kweli, kazi hizo ni mazoezi. Lakini kwa mgonjwa anayeanza, jembe na mtungi ni vigumu kuvipunguza katikati ya kazi, na kuinua mzigo mzito huku umebana pumzi kunapandisha presha ghafla. Mwendo waweza kuuongeza na kuupunguza upendavyo.

Mara ngapi? Siku tano kwa wiki ni lengo zuri.

Muda gani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, hata kwa wengi wenye maradhi ya muda mrefu. Dakika 30 kwa siku tano ni hizo 150. Aliye dhaifu aanze na dakika tano asubuhi na tano jioni. Afadhali kidogo kuliko kiti.

Nguvu kiasi gani? Hapa ndipo watu huumia. Shika mshipa wa mkono, uhesabu mapigo. Chukua 220, toa umri. Mama wa miaka 50 anabaki na 170. Akiwa ametulia moyo wake unapiga 80. Toa hiyo, inabaki 90. Asilimia 40 ya 90 ni 36, asilimia 60 ni 54. Rudisha ile 80: mapigo yake akitembea yawe kati ya 116 na 134 kwa dakika, yaani 29 hadi 33 kwa sekunde 15.

Lakini hesabu hii ni makadirio tu. Na anayemeza dawa kama atenolol au propranolol asiitegemee, maana dawa hizo huzuia moyo kwenda mbio. Huyo na atumie kipimo cha mdomo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko mahali pake. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Kifua kikiuma, kizunguzungu kikija, au pumzi ikikatika, simama na utafute msaada. Mwenye sukari anayedunga insulini abebe sukari au peremende mfukoni, avae viatu, na akague nyayo kila jioni.

KAZI YA KIKUNDI

Ongezeni dakika kwanza, kasi baadaye. Baada ya wiki nane rudieni kile kipimo cha dakika sita. Mita 30 za ziada si jambo dogo kwa mgonjwa.

Mnaweka daftari la merigoraundi, mnajua nani amelipa na nani bado. Basi fungueni ukurasa mmoja nyuma ya daftari hilo: jina, mita za kuanzia, dakika za wiki. Mgonjwa asitembee peke yake. Apewe mwenzake wa kumsindikiza, naye awe mtu wa maneno mengi, ili kile kipimo cha kuongea kifanye kazi.

Mjomba wangu, tulipompima mara ya kwanza, alitembea mita 240 na kukaa kitini mara mbili. Tulianza kwa kumfikisha langoni na kumrudisha. Miezi minne baadaye alifikisha mita 330 bila kukaa. Hakurudia kulima siku nzima, na hatumruhusu. Lakini Jumapili anakwenda kwa miguu yake, na njiani anatulalamikia bei ya mbolea mwanzo hadi mwisho. Sisi tunamwacha aseme. Akinyamaza ndipo tunapunguza mwendo.