"Pole" kwa Kijapani
(Mazungumzo na wanakisomo wa Nyabiyonza, Karagwe)



Wiki iliyopita mlituuliza swali: tukitaka kumpa mtu pole kwa Kijapani, tuseme nini? Tunajua swali hilo limetoka wapi. Mwalimu wetu mgeni, yule dada wa Kijapani anayefundisha hesabu, alifiwa na baba yake huko kwao. Mlikwenda mkakaa naye. Mzee wetu mmoja akamwambia neno pekee la Kijapani alilokuwa nalo: "Otsukaresama." Dada akacheka, halafu akalia sana. Mzee mpaka leo anajiuliza kama alimkosea.

Ngojeni, tutafika hapo. Tuanze mwanzo.

Vijana wa kujitolea kutoka Japani walianza kuja nchini mwetu mwaka 1967. Kabla ya kuondoka kwao hufundishwa Kiswahili, ndiyo maana dada alifika hapa anajua kusema "shikamoo." Na sisi je, tunajua nini cha kwao? Majina ya magari na pikipiki tu! To-yo-ta. Su-zu-ki. Ya-ma-ha. Yasomeni tena polepole. Mnaona? Ni silabi, kama zile tulizoanza nazo ubaoni: ka, ke, ki, ko, ku. Wao husema ka, ki, ku, ke, ko. Watoto wao huanza na herufi 46, na karibu kila herufi ni silabi nzima. Irabu zao ni tano, kama zetu. Basi wewe uliyehitimu kisomo, neno lao likiandikwa kwa herufi zetu utalisoma.

Ila angalieni kuvuta sauti, kama katika "saa" na "choo." Obasan ni shangazi. Obaasan ni bibi. Ukimwita shangazi wa watu bibi, shauri yako.

Sasa maneno ya moyoni. Ureshii, nimefurahi. Kanashii, nina huzuni. Kowai, naogopa. Itai, inauma. Hilo la mwisho lishikeni sana. Miaka ya nyuma mama mmoja wa darasa letu alikwenda kutibiwa mbali, naye anajua Kinyambo tu. Alishindwa kueleza anaumwa wapi. Alirudi na dawa ya tumbo, kumbe ni kifua. Tangu siku ile sisi hatupendi kuanza somo la lugha na "hii ni meza."

Maneno hayo mtu huyasema kwa habari zake mwenyewe. Kwa mwenzake, Mjapani hasemi tu "kanashii." Husema kanashisoo, yaani anaonekana ana huzuni. Ya ndani ya mtu anayajua mwenyewe.

Haya, pole. Sisi neno letu ni moja. Umetoka shamba, pole. Una homa, pole. Umefiwa, pole. Wao wameligawa. Aliyetoka kazini huambiwa otsukaresama. Mgonjwa huambiwa odaiji ni, maana yake jitunze. Mwenye shida nzito huambiwa taihen desu ne, kwamba mambo ni magumu kweli. Na mfiwa huambiwa goshuushoosama desu. Ni refu, ndiyo, lakini likateni kama tulivyozoea: go-shu-u-sho-o-sa-ma de-su.

Kumbe mzee wetu alimwambia mfiwa "pole na kazi"!

Tulikwenda kumwuliza dada mwenyewe. Alisema kwao neno lile halisemwi msibani, ndiyo sababu kicheko kilimtoka. Lakini baba yake alikuwa seremala. Kila jioni akirudi nyumbani, mama alimpokea mlangoni kwa neno hilo hilo, otsukaresama. Dada alikuwa hajalisikia tangu aje Karagwe. Basi akalisikia siku ile, kutoka kwa mzee wa hapa, na baba amekwisha kufa.

Tulimpelekea mzee jibu hilo. Alinyamaza kidogo, akaomba tumwandikie na lile refu.

Alhamisi dada atakuja darasani kutusikiliza tukiyasema. Leteni daftari na kalamu. Mzee amesema atakaa mbele. Amekwisha liandika lote, ila hiyo "shu" bado inamsumbua ulimi.