Ngoma Iliyo Mlangoni Petu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kintinku)



Nimepewa robo saa niseme juu ya muziki na shughuli za jamii hapa petu. Sitaitumia kusimulia enzi zetu, kwani vijana wamekwisha kuzisikia mara nyingi kuliko walivyopenda. Nitasema juu ya jambo lililo mezani leo. Imependekezwa kwamba mchango wetu wa mwaka huu uinunulie shule spika, vipaza sauti na kinanda cha umeme. Mimi sipingi. Naomba tu kwamba kabla ya kupiga kura tujiulize maswali mawili: vyombo hivyo vitapiga muziki gani, na nani atakayewafundisha vijana kuupiga?

Tuanze na mahali tulipo. Kintinku ni stesheni ya Reli ya Kati, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mbele ya Bahi kwa anayetoka Dodoma. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na tangu hapo watu wa kila kabila wamepita mbele yetu, pamoja na nyimbo zao. Lakini ardhi hii ni ya Ugogo, na Ugogo una muziki ambao watu wa mbali wameufuata kwa gharama kubwa, hali sisi tunaukuta mlangoni bila kulipa kiingilio.

Ushahidi ni marehemu Hukwe Zawose. Alizaliwa Doduma, mkoani Dodoma. Hakuwa mtu wa shahada. Alikuwa na ilimba, zeze na sauti aliyoweza kuishusha na kuipandisha atakavyo. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alilalamika kwamba wasomi walijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za wazazi wao. Baadaye wasanii wa vijijini waliitwa Dar es Salaam kuunda kikundi cha taifa, na Zawose alikuwa mmoja wa waliotumikia wito huo. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, alihamia huko akawa mwalimu. Alipiga ilimba Ulaya na Marekani, na alifariki dunia mwaka 2003. Jamaa zake waliendelea: mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo, wajulikanao kama The Zawose Queens, walitoa albamu yao iitwayo Maisha.

Yafaa tuutazame vizuri mji ule wa Bagamoyo. Ni mji mdogo wenye chuo, kama ilivyo miji mingi. Chuo kile, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kingeweza kujifungia ndani ya ua wake. Badala yake, tangu miaka ya mwanzo kilianzisha tamasha la kila mwaka, na wenyeji wakaingia kutazama. Mtoto wa mvuvi aliona ngoma ya Wagogo, na mtoto wa Mgogo aliona ngoma za pwani. Mwanafunzi hakupiga ngoma kwa ajili ya mtihani peke yake. Alipiga mbele ya watu wanaojua kucheka anapokosea.

Karibu nasi zaidi, huko Chamwino, kuna tamasha la muziki wa Wagogo lililoanza mwaka 2009, nalo linahusu vikundi vya vijijini. Vikundi hivyo husikilizwa na watu wanaoelewa maneno, wanaojua kama mpigaji ameharakisha, na wanaoitikia bila kuombwa. Hiyo ndiyo hadhira inayomkomaza mwanamuziki.

Sasa tuitazame shule yoyote ya nchi yetu. Ngoma hupigwa lini? Hupigwa mgeni rasmi anapokuja. Vijana huvaa njuga, hucheza dakika tano, mgeni hupiga makofi, na njuga hurudi stoo mpaka mgeni mwingine. Hapo kijana hujifunza kwamba ngoma ni pambo la kupokelea wakubwa. Hajifunzi kwamba ngoma ina majira yake, kwamba hushamiri baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula na nafasi, na kwamba ndani yake kuna maonyo, sifa, historia na utani. Chukueni muheme. Kwa Wagogo ngoma hizo hupigwa na akina mama, wakizishika mapajani, na asili yake inahusiana na unyago wa wasichana. Je, ni mwalimu gani wa shule atakayefundisha muheme vizuri kuliko mama wa kijijini aliyeipiga tangu ujana wake?

Vijana watasema: “Mzee, sisi tunapenda muziki wa kisasa.” Hapana ubaya. Nasi tulipenda Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na wazee wetu walikuna vichwa. Lakini yako mawili ya kuzingatia.

La kwanza, sauti za ilimba hazikupangwa kama za kinanda. Kijana atakayelizoesha sikio lake kinanda tu ataiona ilimba ya babu yake kuwa imeharibika, na huenda akaitupa. Aliyezoezwa yote mawili atakuwa tajiri wa masikio mawili.

La pili ni la umiliki. Bendi zetu nyingi za zamani zilikuwa mali ya mashirika. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ulikuwa mpango mzuri, kwani wanamuziki walipata mishahara. Lakini gitaa lilikuwa la mwenye mali, na mpigaji aliyeondoka aliondoka mikono mitupu. Zeze haliko hivyo. Linatengenezwa kwa mti au kibuyu, ngozi na nyuzi, na mpigaji mwenyewe anaweza kulitengeneza na kulikarabati. Spika ikiungua, hatuna fundi wake hapa. Zeze likipasuka, fundi ni jirani.

Lakini fundi huyo anazeeka. Hapo ndipo penye haraka, Ndugu Mwenyekiti. Spika zitauzwa madukani mwakani na mwaka utakaofuata. Mzee anayejua kuchonga ilimba na kuipanga sauti hauzwi dukani, na akifa bila mwanafunzi, hakuna mchango utakaomrudisha.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Moja, nusu ya fedha inunue vyombo vya umeme kama ilivyokusudiwa, na nusu iwalipe wazee na akina mama wa vijiji vya hapa waje kufundisha jioni, mara moja kwa juma, kwa mwaka mzima. Nasema walipwe, si washukuruwe kwa soda. Mwalimu wa hesabu halipwi kwa soda.

Mbili, kila mwaka baada ya mavuno uwanja wa shule ufunguliwe kwa siku moja, vikundi vya kijiji, kwaya za makanisa na bendi ya wanafunzi vipige pamoja. Siku hiyo asiwepo mgeni rasmi. Wenyeji wote wawe wageni rasmi.

Tatu, vijana wenye simu warekodi nyimbo hizo kwa ruhusa ya wenyewe, waandike majina ya waimbaji na maana ya maneno, na nakala zitunzwe katika maktaba ya shule.

Wapo watakaosema shule ina matatizo makubwa zaidi: vitabu, maji, mabweni. Ni kweli, na mchango wa mwakani uende huko. Lakini fedha ya mwaka huu imekwisha kutengwa kwa muziki. Ninaloomba ni kwamba ikishatumika, abaki kijana mmoja wa Kintinku anayejua kutengeneza chombo chake, kukipanga sauti na kumfundisha mwenzake.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mapendekezo haya yapigiwe kura leo, wazee wenyewe wakiwapo.