Kijicho Baina ya Marafiki

Nataka kusema nanyi habari za ugonjwa usio na dawa hospitalini, nao ni kijicho baina ya marafiki.

Katika darasa nililopata kufundisha walikuwamo wavulana wawili wa kijiji kimoja. Kila asubuhi walikwenda maili nne pamoja, na muhogo wa kuchoma waliugawana njiani. Baba wa mmoja alikuwa na shamba kubwa la kahawa, akamnunulia mwanawe viatu na taa ya kusomea. Wa pili alikuwa mtoto wa mjane, na shati lake lilikuwa na viraka.

Labda mtadhani kuwa mwenye viraka ndiye aliyemwonea mwenziwe kijicho. Sivyo. Mtoto wa mjane alikuwa hodari wa hesabu, nami mara nyingi niliinua daftari lake mbele ya darasa nikasema, "Tazameni kazi ya mwenzenu." Kila nilipomsifu, mwenye viatu aliona kana kwamba ametukanwa yeye. Kwanza aliacha kumngojea rafiki yake njiani. Kisha akavicheka viraka vyake. Mwisho, juma la mtihani, alimwaga wino juu ya daftari lile.

Nilipouliza, mtoto wa mjane alijibu kuwa wino aliumwaga mwenyewe. Mwenye hatia aliposikia hayo hakuweza kustahimili, akalia, akakiri. Walipeana mikono mbele yangu, lakini maili nne zile hawakuzitembea pamoja tena. Nami nilikuwa na fungu langu katika kosa lile, maana sifa nilimpa mmoja tu. Yule wa pili alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, wala sikumwambia.

Wasomao Biblia wanakumbuka habari za mfalme Sauli na mwanawe Yonathani. Wote wawili waliuona ushindi wa Daudi. Sauli aliingiwa na kijicho, akamtupia mkuki ili amwue. Bali Yonathani, aliyetazamiwa kurithi kiti cha babaye, alivua joho lake akampa Daudi, pamoja na upanga na upinde wake. Ushindi ulikuwa ule ule. Mioyo ndiyo iliyokuwa mbalimbali.

Basi, vijana, pambanueni husuda na ghera. Mwenye ghera husema, "Nami nitajitahidi nifike alipo." Mwenye husuda husema, "Heri naye akose." Ukiona moyo wako umeanza kuhesabu vitu vya rafiki yako, nenda kwake upesi, ukamwombe akufundishe alijualo, nawe umfundishe ulijualo. Vidole vya mkono havilingani urefu, lakini tonge huenda kinywani kwa msaada wa vyote.