Kitabu Baada ya Chakula

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kusoma vitabu pamoja nyumbani, na hasa vitabu vya mambo yaliyotukia kweli.

Nyumbani kwetu tulianza mwaka jana, siku za Jumapili baada ya chakula cha jioni. Tulichagua kitabu cha J. M. Kariuki kiitwacho Mau Mau Detainee, kilichotolewa mwaka 1963. Mwandishi huyu alikuwa kizuizini tangu 1953 hata 1960, akapitishwa kambi nyingi, Manyani ikiwa mojawapo. Baadaye akawa Mbunge, akauawa Machi 1975. Kitabu ni cha Kiingereza, basi binti yetu wa kidato cha tatu alisoma kwa sauti, nasi tukamfasiria nyanya yao, mama yetu mzazi, mwenye miaka 82.

Jioni za kwanza hatukufanya vizuri. Wachungaji tuna ugonjwa wetu: tukipewa ukurasa mmoja twatoa mahubiri matatu. Tulieleza na kueleza hata watoto wakasinzia. Ndipo jioni moja kitinda mimba wetu akauliza, "Nyanya, baba yako alikuwa upande gani?"

Mama aliondoka mezani, akaenda kulala. Nasi tukamkemea mtoto. Hapo tulikosa, maana swali lilikuwa jema, na sisi wenyewe ndio tuliomsomea kitabu. Katika Yoshua sura ya 4 twasoma habari za mawe 12 yaliyotolewa mtoni Yordani yakasimamishwa Gilgali, kusudi watoto wayaone na kuuliza. Sisi tuliweka jiwe mezani, kisha tukamgombeza aliyeuliza!

Kitabu kilikaa kabatini majuma matatu. Mama mwenyewe ndiye aliyekiulizia. Watoto walipoketi akasema, pole pole, kwamba baba yake alikuwa homugadi, na kaka yake mkubwa alichukuliwa Manyani. Kabla ya siku hiyo mama yao aliwapikia wote wawili katika chungu kimoja. Hata sisi, tuliozika wazee wengi wa ukoo huo, hatukuyajua hayo.

Kisha akaanza kukikosoa kitabu. "Huyu asema ya kambini, na ya kambini aliyaona. Ya vijijini hakuyaona, alikuwa amefungwa." Ndivyo ilivyokuwa. Tangu 1954 watu zaidi ya 1,000,000 walihamishiwa katika vijiji vya Hali ya Hatari, na wakati huo Kariuki alikuwa kizuizini. Mama alikuwa msichana wa miaka 11 hivi. Alitueleza habari za handaki lililozunguka kijiji, na miti iliyochongwa ikasimikwa ndani yake, na wanawake waliolichimba tangu asubuhi, watoto mgongoni. Mdogo wetu akauliza tena: je, baba yake Nyanya alipiga watu?

"Sijui, mjukuu wangu. Niliogopa kumwuliza."

Safari hii hatukumkemea mtoto.

Msikilizaji mwingine atasema mambo hayo yaachwe yalale. Twamwelewa. Kanisani kwetu wajukuu wa pande zote mbili huketi benchi moja, na pengine kwenu pia ni hivyo. Hatusemi yatangazwe sokoni. Lakini mama yetu aliyabeba peke yake karibu miaka 70, akipika na kuomba pamoja nasi, wala hakuna aliyemsaidia mzigo huo, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Siku hizi twafasiri machache na kunyamaza zaidi. Binti yetu huandika maneno ya nyanya yake kwa kalamu ya risasi katika kurasa tupu za mwisho wa kitabu. Kurasa hizo zimejaa. Jumapili iliyopita Mama alifungua fundo la leso yake, akatoa pesa, akamtuma yule mdogo dukani alete daftari la kurasa 96.